Mchango Usiotangazwa

Ukimpa Bi Sabaha pole ya msiba, alikutazama kwanza usoni ajue hiyo pole inataka nini. Ndivyo alivyokuwa. Unga wa dukani aliunusa, mafuta ya taa aliyajaribu kwa kiberiti kabla hayajaingia kwenye kibatari chake, na jirani akimsifia khanga, aliigeuza akaikagua pindoni kama haijachanika. Watu wa Mtaa wa Narung'ombe walionunua vitumbua vyake asubuhi walishamzoea.

"Bi Sabaha, leo umetia iliki?"

"Nani kakutuma uulize?"

Basi wanacheka, wanakula, wanakwenda zao makazini.

Lakini tuseme haki, hakuzaliwa hivyo. Ujanani alikuwa mcheshi, mpiga tari wa kikundi cha Nasima, na mumewe alikuwa Safari, fundi cherehani mwenye nyumba yake Buguruni. Kisha mama yake akaugua, Sabaha akaenda Bagamoyo kumuuguza. Aliporudi alimkuta Safari keshaoa mke wa pili, tena si mtu wa mbali: Sitara, mwimbaji wa Nasima hiyo hiyo, aliyekuwa akikaa naye mkeka mmoja. Harusi imeshaliwa, wanawake wote wa kikundi wameihudhuria, na hakuna hata mmoja aliyempelekea habari Bagamoyo. Hilo lilimchoma kuliko ndoa yenyewe. Akadai talaka yake, akapewa, akapanga chumba Kariakoo, na tangu hapo imani na watu ikamwisha. Sitara naye, kwa aibu au kwa jeuri, hakukanyaga tena Nasima. Hata Safari alipokufa, wanawake wale wawili walikaa matangani kila mmoja upande wake wa ua, wasiamkiane.

Kilichombakia Bi Sabaha kilikuwa ukumbi. Ukumbi wa Nasima ulikuwa nyuma kidogo ya soko la Kariakoo, wa mawe na chokaa, na wanawake wa ngoma ya lelemama ndio walioujenga zamani za Mwingereza. Waliuza bangili zao, wakabeba chokaa kwa vichwa vyao, na wanaume waliokuwa wakiwacheka wakaja baadaye kuozesha watoto wao humo humo. Hapo palipigwa taarabu, palichezwa ngoma, palifundishwa kushona, na miaka hii ya Ujamaa palisomeshwa kisomo cha watu wazima. Mikono ilipoanza kumuuma akashindwa tari, Bi Sabaha alipewa kazi mbili: kufungua mlango na kutangaza tunza na michango jukwaani. Hapo jukwaani, wallahi, ungemwona! Bibi wa vitumbua alikuwa anageuka malkia.

Sasa paa likaoza. Mabati yaliliwa na kutu mpaka mvua ikinyesha ndani unalowa kuliko nje. Wakaja wakaguzi wa majengo, wakatazama juu, wakatikisa vichwa, wakachora msalaba mwekundu ukutani.

"Masika yakikolea paa halijawa tayari, tunaubomoa kabla haujaua watu," walisema.

Bi Sabaha alirudi chumbani kwake akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Ukumbi ukibomolewa, yeye nani tena? Hana mtoto, hana mume, hana sauti mahali popote isipokuwa pale.

Ndipo Nasima wakaanzisha kampeni ya michango. Fedha haikuwa na maana sana miaka ile, maana hata ukiwa nayo, dukani hakuna kitu. Saruji kwa kibali, misumari kwa kibali, sabuni kwa foleni ya tangu alfajiri. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri walifanya hafla ya taarabu hapo uani, na mtu alete alichonacho. Na mchango wa Nasima una desturi yake. Hauletwi kimya kimya. Unakuja nao kwa kucheza kutoka mlangoni, tari zinalia, Bi Sabaha anapaza jina lako na la mama yako, anataja ulicholeta, na vigelegele vinakupokea. Hata ukiwa na msumari mmoja, utaimbiwa. Wauza mitumba wa Mchikichini walileta boriti kwa ngoma. Akina mama wa Kimakonde walileta mbao na wakamwaga mchezo hadi vumbi likatanda. Mzee mmoja alileta jogoo, akapigiwa vigelegele kuliko wenye saruji.

Bi Sabaha alitangaza yote hayo kwa sauti ya furaha, kisha nyuma ya jukwaa alichoma kila mfuko wa saruji kwa sindano kuona kama si jivu. Alimshuku hata fundi. Fundi Pantaleo alikuwa mtu wa Masasi, Mkristo, mwimba kwaya, seremala wa mapaa aliyejitolea kuezeka bila ujira kwa kuwa binti yake alijifunza kushona Nasima.

"Bure?" Bi Sabaha alimuuliza. "Wewe una nini na sisi, fundi?"

"Sina kitu, Bi Sabaha. Nataka tu paa likae."

"Haya. Tutaona."

Kenchi za paa zikapanda, chokaa ikapakwa, ukumbi ukaanza kupendeza. Kilichokosekana ni mabati. Jumamosi zikapita, vikaja vitanda vya kamba, vikaja visu, yakaja mabeseni, lakini bati hata moja halikuja. Mawingu ya masika yalishaanza kukusanyika upande wa bahari. Bi Sabaha alikuwa akitoka mlangoni kila asubuhi anatazama juu, anatukana kimoyomoyo.

Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri akafungua ukumbi afagie. Akakuta marobota marefu yamelazwa sakafuni, yamefungwa kwa mikeka na kamba za katani, mafundo yamekazwa hasa. Akaingiza mkono ubavuni mwa robota moja. Bati! Akaruka nyuma kama aliyegusa makaa.

Mlango wa nyuma ufunguo wake alikuwa nao Pantaleo. Alipokuja kazini, alimkuta Bi Sabaha amesimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Sabaha."

"Marahaba. Haya ya nani?"

"Mchango."

"Naona. Nauliza, ya nani?"

Pantaleo akatazama chini. "Nimekatazwa kusema, mama. Aliyetoa hataki kutangazwa. Hata kuyafungua, tuyafungue siku ya kuezeka."

"Hataki kutangazwa!" Bi Sabaha akacheka kicheko kikavu. "Tangu ukumbi huu ujengwe umeona nani hapa ametoa kitu akakataa vigelegele? Aliyetoa jogoo katangazwa, huyu wa mabati amejificha? Kwa nini?"

"Ana sababu zake."

"Wenye sababu zao wote ninawajua."

Sasa msimcheke. Wiki ile ile redio ilikuwa imetangaza vita na wahujumu uchumi, na mji mzima ulikuwa umetaharuki. Polisi na mgambo wanaingia nyumba kwa nyumba. Walioficha sukari wanaimwaga chooni, walioficha vitenge wanavitupa, sabuni zinaokotwa bonde la Msimbazi na hakuna anayedai ni zake. Matajiri wa Kariakoo waliokuwa hawaamkii mtu wameanza kugawa vitu kwa jamaa zao wa mbali. Mtu akisikia gari linasimama nje anakufa moyo. Katika siku hizo hizo ndipo mabati, kitu adimu kuliko nyama, yanakuja yenyewe alfajiri, yamefunikwa mikeka, hayana mwenyewe! Hata wewe ungejiuliza.

Bi Sabaha alijiuliza akajijibu. Kuna mlanguzi ametafuta mahali pa kuficha mzigo wake. Amemlisha Pantaleo. Mzigo ukikutwa humu, ukumbi utatiwa kufuli la serikali, masika yatakolea, utabomolewa. Na atakayekwenda ndani ni nani? Si ni yeye, mwenye ufunguo wa ukumbi? Alimfuata Pantaleo mchana mzima, akimbembeleza, akimtisha, akimwapiza. Pantaleo akazidi kufunga mdomo. Jasho likamtoka, na lile jasho kwa Bi Sabaha likawa ndio ushahidi.

Kabla ya magharibi alikuwa barazani kwa Mzee Ramadhan, balozi wa nyumba kumi. Akamweleza yote.

Mzee Ramadhan alikuna ndevu. "Umeuliza vizuri lakini? Haya mambo siku hizi hayana kurudi nyuma. Nikishapeleka taarifa, nimepeleka."

"Nimeuliza mpaka mate yamenikauka."

"Na mabati yenyewe umeyaona?"

"Nimeyagusa. Nataka nini zaidi? Ukinyamaza, mzee, na wewe umo."

Hapo akamnyima njia. Balozi asiyetoa taarifa siku zile alikuwa anajichongea mwenyewe. Asubuhi yake likaja Landrova na mgambo, na mkubwa wao, Afande Filbert, kijana mrefu ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hawakufungua robota hata moja. Walikuwa na maghala mengi ya kupekua kabla ya mchana.

"Ya nani?" Filbert alimuuliza Pantaleo.

Pantaleo alimtazama Bi Sabaha, akatazama pingu, akavuta pumzi. "Ya Bi Sitara. Sitara wa marehemu Safari, anauza nazi soko la Buguruni."

Loo! Bi Sabaha alihisi damu inampanda kichwani, na tusifiche, ilikuwa damu ya furaha. Sitara! Kwanza mume, sasa ukumbi. Muuza nazi atapata wapi mabati kama si kwa walanguzi? "Nilijua!" akapaza sauti, watu wa mtaa mzima wasikie. "Nilijua tu!" Mzigo ukapakiwa, Pantaleo akapakiwa, na wakampitia Sitara pale pale sokoni, kwenye meza yake, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani.

Siku hiyo hiyo mchana mvua ikafunguka. Haikuwa manyunyu. Ilinyesha usiku kucha, ikanyesha na kesho yake, na maji yakawa yanapita Narung'ombe yamebeba maganda ya soko zima. Bi Sabaha alisimama ndani ya Nasima chini ya kenchi tupu, maji yanamwagika kwenye chokaa mpya, akajiambia bora ulowe kuliko utaifishwe. Alijiambia mara nyingi. Wenzake wa kikundi walipita mlangoni wakamwamkia kwa adabu, hawakuingia.

Mvua ilipopumzika akaitwa kituoni kushuhudia mzigo. Akavaa baibui lake zuri, akaenda. Uani mgambo walikuwa wanakata kamba na kufunua mikeka, wakipanga mabati ukutani moja moja. Bi Sabaha akasogea.

Mabati yalikuwa na matundu. Kila bati lilikuwa na mistari ya matundu ya misumari, na kila tundu limezungukwa na kutu ya miaka. Machache yalikuwa na masizi ya jikoni. Na yale mengine, upande wa chini, yalipakwa rangi ya kijani.

Rangi ile aliijua. Alipokuwa bibi harusi mpya Buguruni, alimlalamikia Safari kuwa bati likipata jua la asubuhi linamwakia machoni kitandani. Safari akanunua rangi, akapanda juu ya meza ya cherehani, akapaka chumba kizima akiimba, rangi ikimdondokea ndevuni, na yeye Sabaha chini akicheka mpaka akakaa sakafuni. Miaka mingapi alilala akitazama rangi hiyo! Na sasa imeegeshwa ukuta wa polisi.

Mwanamke amevua paa la nyumba yake.

"Mama, ndio mzigo wenyewe?" Filbert aliuliza.

"Afande, haya si ya walanguzi. Haya yametoka nyumbani kwake. Nimelala chini yake mimi, nilikuwa mke wa nyumba ile."

Filbert akamgeukia polepole. "Juzi ulisema ni ya kuficha."

"Nilikosea."

"Ulipiga kelele mtaa mzima ukasema unajua. Leo unasema unajua vingine. Nani amekuja kwako kati ya juzi na leo?"

"Hakuna!"

"Amekupa nini?"

Hajapata kuulizwa hivyo maishani mwake. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Alifungua mdomo aape, akaona kwenye macho ya yule kijana kwamba kiapo chake hakina uzito wowote, kwamba kila atakalosema litanuswa na kugeuzwa. "Hao waliofungwa wote wana hadithi," Filbert alisema. "Yule mama naye ananiambia nikaione nyumba yake. Nikienda kuona nyumba ya kila mtu, nitalala lini? Mabati makuukuu nayo yanalanguzwa. Risiti iko wapi?"

"Risiti ya mabati ya zamani za Mwingereza, mwanangu?"

"Ndiyo."

Bi Sabaha, na baibui lake zuri, akakaa chini kwenye matope ya ua wa kituo. "Basi niwekeni na mimi ndani. Mimi ndiye niliyesema uongo, wao hawakusema. Sitoki hapa mpaka uende ukaione hiyo nyumba." Walimwinua, akakaa tena. Walimkemea, akawaita wanangu akaendelea kukaa. Mpaka adhuhuri Filbert akachoka, akachukua funguo za gari, akawatoa Sitara na Pantaleo, akawapakia wote.

Gari likaondoka. Sitara alikuwa amekonda uso, khanga zake zile zile, na alitazama nje tu. Ni Pantaleo aliyeeleza, tena alimwambia Filbert, hakumwambia Bi Sabaha. Bi Sitara alikuja kwake mwenyewe, akasema mama yake alibeba chokaa ya Nasima, na hataki kuuona unabomolewa. Wapangaji wameondoka, yeye mtu mmoja, makuti yatamtosha, na makuti keshayaagiza Mkuranga, yanakuja kesho kutwa yake. Ila jina lake lisitajwe, maana Bi Sabaha akilisikia hatayapokea, na ukumbi utakufa kwa ajili ya ugomvi wao.

Walipofika Buguruni, makuti yalikuwa yameletwa. Yalikuwa yamerundikwa barabarani, yameloa, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuyapokea wala wa kuyapandisha. Na nyumba ilikuwa ya miti na udongo. Siku zote hizo mvua ilikuwa imenyeshea kuta zilizo wazi. Upande wa nyuma ulikuwa umekaa chini wote, na chumba cha mbele kilibaki na kuta mbili na kitanda kilichojaa tope.

Filbert alitazama, akavua kofia yake, akaivaa tena. "Mzigo utarudishwa leo," alisema, akaenda kusimama karibu na gari.

Sitara aliingia ndani ya kile kilichokuwa chumba, akainama, akaokota sufuria, akamwaga maji yake taratibu.

"Sitara," Bi Sabaha alisema. "Nisamehe. Sikujua."

"Uliniuliza?"

"Nilimuuliza fundi."

"Buguruni hapa na Kariakoo ni mbali? Uliniuliza mimi?"

 Bi Sabaha alilia pale pale mbele ya mgambo, bila kujifunika, na Sitara hakumnyamazisha.

Mabati hayakuwa na ukuta wa kukaa tena Buguruni, kwa hiyo Sitara mwenyewe alisema yaende yalikokusudiwa. Pantaleo akaziba matundu kwa lami, akaezeka usiku na mchana katikati ya manyunyu, na wakaguzi waliporudi walikuta paa, wakafuta msalaba wao. Jumamosi ya kwanza chini ya paa, Bi Sabaha alipanda jukwaani kutangaza, na watu wakampa vigelegele vyake kama kawaida. Ila aliona wanavyomtazama. Waliokuwa wakicheka akiwauliza nani kawatuma, sasa hawacheki, wanajibu haraka na kuondoka.

Sitara alikuwa hana pa kukaa, na Bi Sabaha alimng'ang'ania mpaka akakubali kukaa chumbani kwake masika yapite. Alimpa kitanda, yeye akalala chini. Sitara alishukuru kwa adabu. Lakini chakula alikula kwa mama lishe wa sokoni, maji alichota mwenyewe bombani, na akitoka alikwenda na kifurushi chake chote, hakuacha hata kitana.

Jioni waliporudi kutoka hafla ile, wote wawili wameloa, Bi Sabaha alichemsha chai ya tangawizi. Akamimina kikombe kimoja, akapiga goti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Sitara alikipokea. Akakishika muda, mvuke ukimpanda usoni, akamtazama mke mwenzake wa zamani, akakirudisha.

"Onja wewe kwanza."

Bi Sabaha alikichukua, akanywa nusu, ikamuunguza ulimi, akampa tena.